Mwongozo wa Kuvuka Salama Tamasha la Muziki la Shule

Karatasi itatoka kwenye begi la mtoto ikiwa imekunjwa mara nne na kulowa maziwa ya chokoleti pembeni. Itasema kwamba tamasha la majira ya baridi la bendi, kwaya na okestra ni Alhamisi, saa moja usiku, kwenye bwalo la chakula. Usiibandike kwenye friji ukadhani umemaliza. Teremka hadi mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo, maana hatari yote imewekwa huko: wanamuziki wawe wamefika saa kumi na mbili na robo, wamevaa nyeusi tupu, soksi zikiwemo. Na Alhamisi yenyewe ni kesho.

Mwongozo huu ni wa mzazi Mswahili aliyetua Minneapolis, Columbus, Houston au kwingineko Marekani, akapata kazi, akazoea theluji, akadhani ameshayaona yote. Hajayaona. Mtoto akiingia shule ya kati, yaani darasa la sita hadi la nane, umri wa miaka 11 hadi 14, huulizwa achague: bendi, kwaya au okestra. Bendi ni ala za kupuliza na za kupiga. Okestra, kwa umri huu, mara nyingi ni za nyuzi tu. Kwaya ni kwaya, ila ondoa kichwani ile ya kanisani kwenu: hapa hakuna anayecheza. Muziki ni somo lenye alama kwenye ripoti, na kwa walimu wengi tamasha lenyewe limo kwenye hesabu ya alama hizo. Kwa hiyo ule udhuru wetu wa miaka yote, kwamba siku hiyo kuna kikao cha harusi, hautapokelewa.

Kama unatafuta wa kumtupia lawama, anza na Lowell Mason wa Boston. Mwaka 1838 shule za umma za mji ule zilikubali muziki ufundishwe sawa na masomo mengine, na yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Lakini Mason alikuwa mtu wa kuimba. Matarumbeta yana wakosaji wengine. Mwaka 1923, Chicago, yalifanyika mashindano ya kitaifa ya bendi za shule, na nyuma yake walikuwapo watengenezaji wa ala. Walijua walifanyalo. Askari na bendi za mjini huzeeka na kupungua, lakini darasa la sita halipungui. Kila mwaka linaletwa jipya.

Mzigo utakaoingia nyumbani

Mwanzoni mwa mwaka shule nyingi huandaa jioni moja ambapo duka la muziki linapanga ala mezani, zinang'aa, na watoto wanaruhusiwa kuzijaribu. Mzazi asiyejua huenda pale na kalamu. Nenda bila kalamu. Ala ndogo, kama fluti, klarineti na fidla, hukodiwa kwa mwezi kwa mkataba ambao ukiulipa kwa muda mrefu wa kutosha ala inakuwa yako. Ala kubwa, kama tuba, besi kubwa na saksafoni ya baritoni, shule nyingi huwa nazo na huziazima. Hapo utaona faida ya kumsifia mtoto tuba. Faida hiyo huisha siku anapotakiwa kuileta nyumbani wikendi, na gari lenu ni la milango miwili.

Fidla zina saizi: robo, nusu, robo tatu, na kamili. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuanza na robo tatu, na mkono ukirefuka unarudi dukani kubadilisha, kama viatu. Kwenye ubao wa fidla ya mwanafunzi utaona vipande vya utepe vimebandikwa, vinaonyesha kidole kikae wapi. Usivibandue ukidhani ni uchafu.

Tromboni haina vitufe, ina mrija wa kuvuta na kusukuma wenye nafasi saba, na ile ya saba iko mbali kuliko mkono wa mtoto wa miaka 11. Watunzi wanaoandikia watoto wanalijua hilo na huikwepa. Fluti inaonekana ya upole, lakini wiki za kwanza mtoto hupuliza kipande cha juu peke yake, bila mwili wa fluti, mpaka kizunguzungu kimshike; mkalishe kwenye kiti. Wanaochagua ngoma, ambao wazazi wao hupewa pole na kila mtu, mara nyingi huja nyumbani na kibao cha mpira cha kufanyia mazoezi, kikimya kuliko fluti zote za mtaani. Pole hizo wangepewa wazazi wa klarineti.

Klarineti hutoa sauti kwa kipande chembamba cha tete kinachofungwa mdomoni mwa ala. Kikipasuka, kikikauka, kikikaa upande au meno yakikibana vibaya, kinapiga yowe. Yowe hilo halina onyo. Mtoto atakuwa katikati ya Hot Cross Buns, wimbo wa noti tatu uliomo kwenye vitabu vingi vya wanaoanza, anashuka vizuri, noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wewe unaanza kuamini, ndipo linapotoka. Jirani wa ghorofa ya chini atagonga dari kwa fimbo ya fagio. Mtoto ataanza upya, kwa sababu kuna karatasi ya mazoezi, na mzazi ndiye anayetia sahihi kila wiki kwamba dakika zote zilipigwa. Mimi nawashauri wazazi watie sahihi baada ya kusikiliza, si kabla. Utajua unachokwenda kukutana nacho Alhamisi.

Nyeusi tupu

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni itagundulika kwamba suruali nyeusi ya mwaka jana inaishia juu ya kifundo cha mguu, na kwamba viatu pekee vinavyomtosha mtoto ni vyeupe vyenye kamba za kijani. Usimkaripie, alirefuka akiwa kwenu. Viatu vyeusi vya baba, vikijazwa soksi mbili, vimeokoa matamasha mengi.

Wewe mwenyewe vaa upendavyo. Utawakuta wenzako wamekuja na makoti ya michezo, na yule mama wa Kisii anayekaa mlango wa pili kaja moja kwa moja kutoka zamu akiwa na nguo za hospitali. Ukija na kitenge na kilemba hakuna atakayekushangaa isipokuwa mtoto wako, ambaye yuko kwenye umri wa kumwonea aibu mzazi hata akiwa amevaa kama watu wote. Koti zito libebe. Minneapolis mwezi Desemba maegesho ni barafu, na ndani ya bwalo ni joto la pumzi za ukoo mzima. Koti lako litakuwa mto wa kukalia, maana viti ni vya chuma.

Pa kukaa kunahitaji akili. Kwenye okestra, fidla huwa kushoto kwako na selo hukaa kulia au karibu na hapo. Kwenye bendi, fluti na klarineti ziko mbele, tarumbeta na tromboni nyuma, ngoma nyuma kabisa. Mzazi wa fluti akae popote. Mzazi wa mpiga ngoma asimame ukutani. Mzazi wa tuba achague kiti chenye mgongo mzuri apumzike. Hatamwona mtoto, ataona tuba yenye miguu miwili. Na wale wadogo zake usiwaachie kukimbilia jukwaani tamasha likiisha, maana chini ya viti vya wapiga tarumbeta kuna vidimbwi. Ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji ndani ya mrija na kumwagwa kwa kitufe maalumu. Ndivyo wanavyosema wenyewe, na tukubali hivyo hivyo.

Mikono yako na mdomo wako

Hapa ndipo Mswahili anapoumbuka, kwa sababu amelelewa vizuri. Kwetu muziki ukikolea mtu anainuka. Kwenye taarabu mama anatoka kwenye kiti chake, anakwenda mbele kwa madaha huku noti ikiwa juu, anamtuza mwimbaji na kurudi bila kuharakisha. Mzee wa Lamu au Mombasa anakumbuka hadithi za beni, vikundi vya matarumbeta na ngoma vilivyoshindana kwa sare na vyeo vya kujipa, mtaa mzima ukigawanyika nyuma yao. Aliyesoma Kenya anakumbuka tamasha la muziki la shule ambalo lilikuwa vita kamili, lenye majaji mezani, na shule iliyoshindwa ikirudi kwenye basi kimya. Unakuja na malezi hayo yote, unaketi, mtoto wako anapanda jukwaani na selo, na kigelegele kinakupanda kooni.

Kimeze. Kitoe baadaye. Dola tano za kumtuza zibaki mkobani. Ukimwekea kwenye stendi ya noti atashindwa kusoma mstari wa pili.

Ugumu ni kujua lini wamemaliza. Kuna vipande vinavyosimama ghafla katikati, kimya kabisa, kisha vinaendelea, na lazima mzazi mmoja atapiga makofi ndani ya kimya hicho. Asiwe wewe. Usitazame watoto, tazama mikono ya mwalimu. Mikono ikiwa bado juu, kazi inaendelea. Ikishuka na yeye akageuka, achia vyote, na kigelegele ndani yake. Pia kuna zile kelele za mwanzo, kila mtu akivuta nyuzi zake kwa wakati wake, ambazo ni kuweka ala sawa. Okestra hujipima kwenye noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde. Usipigie makofi, ingawa hutakuwa wa kwanza. New York mwaka 1971, kwenye tamasha la kuichangia Bangladesh, ukumbi mzima ulimshangilia Ravi Shankar na wenzake wakati ndiyo kwanza walikuwa wanakaza nyuzi.

Simu ni mtihani mwingine. Utataka kumpigia bibi ili asikie moja kwa moja. Kumbuka kwamba saa moja usiku Minneapolis wakati wa baridi ni saa kumi alfajiri Bukoba. Bibi ataamka, hilo halina shaka. Lakini simu imetengenezwa kupitisha sauti ya mtu anayesema na kuchuja kelele za nyuma yake, na klarineti ishirini za darasa la sita inazihesabu kelele. Bibi atasikia kikohozi cha jirani yako safi kabisa, na muziki hautafika. Rekodi, umtumie asubuhi.

Wanachopiga

Orodha ya nyimbo itakutisha. Muziki wa bendi za watoto unapenda majina ya dhoruba, mazimwi, volkano na vita vya kale. Usiogope. Volkano ni dakika mbili na nusu na ina noti sita. Vipande hivi vimepangwa kwa madaraja ya ugumu, na watunzi wake ni mafundi wa kazi yenye masharti magumu: fluti zisipande juu sana, klarineti zisivuke ile noti ambayo vidole vyote vinatakiwa kuziba matundu kwa pamoja, tarumbeta zipumzike midomo, na mtoto wa ngoma apewe la kufanya asije akalitafuta mwenyewe. Ukisikia ala zote zinatembea pamoja kwa noti ndefu ndefu, si kwamba mtunzi hakuwa na mawazo.

Beethoven hakwepeki. Ile sauti ya furaha ya simfonia yake ya tisa inatembea hatua kwa hatua ndani ya noti tano, karibu yote, na ndiyo maana imo kwenye vitabu vya wanaoanza dunia nzima. Simfonia hiyo ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, Beethoven akiwa jukwaani na haisikii. Mzazi wa darasa la sita hana bahati hiyo.

Desemba utapewa pia Sleigh Ride ya Leroy Anderson, ya farasi na kigari cha theluji. Anderson aliianza Julai 1946 katikati ya wimbi la joto, jambo linalonipa raha kila nikiisikia, mimi niliyekulia Krismasi za jasho. Kaa macho kwa mambo mawili: mtoto mwenye vibao viwili vya mbao, anayevigonga kuwa mjeledi, na tarumbeta ya mwisho inayotakiwa kulia mlio wa farasi. Mtoto wa mjeledi amesubiri kwa hesabu, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, midomo ikicheza, mabega yamepanda hadi masikioni. Anagonga. Amewahi kidogo. Mwalimu anamtazama, anatabasamu, na kidole kimoja kinamwonyesha lini pigo lijalo. Safari hii anapatia, na safu yote ya nyuma inacheka bila kutoa sauti.

Kwaya itakuletea mtego wa pekee. Wavulana wa umri huu sauti zao zinavunjika, wengine ndani ya ubeti mmoja; wameanza wakiwa watoto na wanamaliza wakiwa wajomba. Wapo wanaobakiwa na noti nne au tano za uhakika, na mwalimu mzuri huchagua nyimbo zinazokaa humo. Lakini mtego wenyewe ni huu: mwanao atamwambia mwalimu kwamba nyumbani mnasema Kiswahili.

Utaitwa. Kwaya inaandaa Baba Yetu, Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Christopher Tin, Mmarekani, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka 2005. Mwaka 2011 iliipatia muziki wa michezo ya kompyuta tuzo yake ya kwanza ya Grammy, na tangu hapo kwaya za shule za hapa hazijaiacha. Utasimama mbele ya watoto walioandika matamshi yao wenyewe juu ya kila neno kwa penseli, na utawafundisha kwamba irabu za Kiswahili hazinyongwi. Wataelewa haraka kuliko unavyotegemea. Siku ya tamasha, sala ikianza, mama mmoja Mkongo na mume wake watasimama na kuinamisha vichwa, maana sala ni sala, na nusu ya bwalo itawafuata ikidhani ndiyo taratibu. Usimwondolee mtu heshima yake, simama nawe. Wimbo utakaofuata utatangazwa kuwa ni wa Afrika, bila kutajwa ni wapi, na utakuwa wa Kizulu. Usinyooshe mkono. Mwambie mwalimu pembeni.

Usitoroke

Kila tamasha lina watu wanaochukua mtoto wao wa darasa la sita na kukimbilia gari. Ni utovu wa adabu, na wanajipunja wenyewe. Darasa la sita hupiga kwanza, kisha la saba, kisha la nane, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kusikiliza jioni hii kwa masikio badala ya subira. Unasikia miaka mitatu ndani ya saa moja. La sita wanaanza pamoja wakibahatika. La saba wanaanza pamoja na kumaliza pamoja, katikati kila mtu na safari yake. La nane wanapiga taratibu. Hapo tega sikio: kupuliza kwa nguvu ni kazi ya siku moja, kupuliza kwa sauti ndogo bila noti kushuka ni kazi ya miaka, kwa sababu pumzi inapungua na mdomo unatakiwa ubaki na nguvu ile ile. Ukisikia tarumbeta nane za watoto wa miaka 14 zinanyamaza polepole bila kuyumba, umesikia ulichokuwa unalipia kodi ya mwezi.

Mtazame na aliyewafikisha hapo. Mwalimu wa bendi akitaka wote watoe sauti moja, B iliyoshushwa nusu, klarineti na tarumbeta zinashika C, saksafoni ya alto inashika G, horni inashika F, na fluti ndiyo inayopiga kilichotajwa. Anazibeba zote kichwani kwa wakati mmoja, huku anajua nani kasahau karatasi zake na nani ametapika saa tisa kwa woga. Ukikutana naye mlangoni usimuulize kwa nini mwanao hakupewa sehemu ya peke yake.

Wamarekani wenyewe wameshajicheka kwa hili. The Music Man, mchezo wa jukwaani wa Meredith Willson wa mwaka 1957, una tapeli anayewauzia wazazi wa mji mdogo wa Iowa ala na sare za bendi ilhali hajui noti hata moja. Mwishoni watoto wanapiga, vibaya kupita kiasi, na wazazi wanasimama kwa furaha wakiita majina ya wana wao. Watazamaji hucheka. Waliowahi kukaa kwenye bwalo hawacheki sana.

Baada ya hapo kuna keki za kuchangia safari ya bendi, tiketi za bahati nasibu, na ombi la kusaidia kukunja viti. Kunja kumi, inatosha. Kisha mtakuwa garini, vioo vimeganda, na swali litatoka kiti cha nyuma: "Mama, umenisikia?" Katika klarineti ishirini zinazopiga noti moja hakuna mama aliyewahi kumsikia wake, na "ndiyo mwanangu, mlikuwa wazuri" haitamtosha, anaijua. Kwa hiyo muulize tangu Jumatano akuonyeshe kwenye karatasi yake mahali pamoja panapomtoa jasho, ujue pako wapi, baada ya ngoma au kabla. Pakifika, mtazame vidole. Halafu mjibu kwa hicho ulichoona: ulipafika, ukachelewa kidogo, ukapapata. Atanyamaza hadi taa ya pili, kisha ataanza kueleza kilichotokea, kwa urefu, na nani aliyekuwa wa kulaumiwa kwenye safu ya tarumbeta. Mwache aeleze. Mkikaribia barabara kuu, mkatize kidogo umuulize kama klarineti imo garini, maana mlinzi hufunga bwalo saa tatu.